Jiko la peleti la Kibosho lililogoma kuwaka

Hiki kisa naandika kirefu makusudi, maana nimeshakielezea kwa mdomo mara nyingi na kila mtu anaondoka na kipande kimoja tu, "aah kumbe zilikuwa peleti mbovu", basi, wakati kulikuwa na mambo manne yamepandana na moja kati ya hayo nusura liondoke na bibi na mjukuu wake. Familia wameniruhusu niandike ila majina nisiweke, kwa hiyo siweki.

Mi ni fundi umeme, nipo Moshi mjini, nafunga inverta, pampu, hita za maji, vitu hivyo. Julai mwaka jana nikapigiwa na dada mmoja anaishi Dar, kwao ni Kibosho, huko juu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, akaniambia fundi, jiko la wazazi limekufa tena, hii mara ya tatu, mama analalamika baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, naomba upande ukaangalie maana fundi wa kwanza kashabadilisha spea mbili na bado. Nikamuuliza jiko gani, akasema la peleti, yani la kupashia nyumba joto kwa kuchoma vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, kaka yake alilituma kutoka Italia kwenye kontena pamoja na vitu vingine vya nyumbani.

Kwa wasiojua, mtu wa Moshi mjini akisikia jiko la kupashia nyumba joto anacheka, kwake feni haizimwi. Lakini mjini upo mita mia nane na kitu kutoka usawa wa bahari, na ukipanda mlima kila mita elfu moja unapoteza digrii kama sita hivi, na pale kwao ni kama mita 1,600. Afu Juni na Julai wingu linakaa juu ya migomba kutwa nzima, jua hulioni, manyunyu hayaishi, nguo zinakaa kambani siku tatu. Kijana anavaa koti anasonga mbele. Mzee wa miaka 78 mwenye presha na miguu inayouma hana ujanja huo, kwake baridi ni ugonjwa kabisa.

Nikapanda. Nimefika saa 3 asubuhi, "shikamoo bibi", "marahaba mwanangu, pole na mvua, ingia ndani", na kabla sijakaa macho yangu yakaenda kwenye korido, kuna jiko la mkaa limejaa majivu bado ya moto moto. Nikauliza hili mnapikia ndani? Bibi akasema hapana, hilo ndio tunalalia, tangu hili la Mzungu ligome tunawasha mkaa jioni nje mpaka moshi uishe, ukishakuwa mwekundu safi tunaliingiza chumbani na kufunga mlango.

Jamani. Nikamuuliza bibi unaamkaje asubuhi? Akasema kichwa kinagonga, ila nikishatoka nje nikakaa barazani mpaka saa 4 kinaachia, nadhani ni presha. Mjukuu wake wa miaka sita analala naye, wiki ile alishatapika asubuhi mbili, wakasema ni minyoo. Babu yeye analala chumba cha pili bila jiko na hana shida yoyote. Hapo mi sikuhitaji mtu wa kuniambia kitu, ila sio daktari, nikampigia yule dada palepale nikamwambia kabla ya jiko lolote mama na mtoto waende hospitali leo, wakaseme kwamba wamelala na mkaa, hilo neno wasilisahau kulisema. Na lile jiko nikalibeba mwenyewe nikalitoa nje.

Nilikaa na babu na bibi nikawaeleza taratibu, maana bibi alikuwa anabisha, anasema mbona moshi hamna. Ndio shida yenyewe. Moshi wa kuni unakuwasha macho, unakohoa, unakimbia. Mkaa uliokolea hauna moshi lakini unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hiyo damu inazunguka lakini hewa haibebi. Kichwa kinauma, unasikia usingizi mzito, kichefuchefu, na mtu aliyelala hastuki, anapitiliza. Ule mkaa mwekundu safi ambao bibi anauona ni salama, bado unaitoa hiyo gesi. Na dalili kubwa ni hiyo aliyoisema mwenyewe bila kujua, kwamba akitoka nje inaachia. Presha haiondoki kwa kukaa barazani.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na linatokea nyumba nyingi sana za mlimani kila msimu wa baridi. Siku hizi tunasikia sana nishati safi ya kupikia, kuna mkakati wa taifa wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na ni jambo jema kabisa nalishangilia. Ila huku juu mkaa hauingii ndani kwa ajili ya kupika tu, unaingia kwa ajili ya kulala, mtu anaweza kuwa na gesi yake jikoni na bado akalala na mkaa. Hili nalo lisemwe, tena kwa sauti.

Haya, tuje kwenye jiko lenyewe.

Peleti ni vipande vidogo mfano wa chakula cha kuku cha punje punje, unga wa mbao umeshindiliwa na mashine mpaka umekuwa mgumu, unene milimita sita. Unamimina kwenye tangi la juu, hili la kwao linachukua kilo 15, kuna skrubu ndefu inazunguka polepole inadondosha peleti chache chache kwenye kikombe cha chuma chenye matundu chini, hita ndogo inawasha, feni moja inavuta moshi kuutoa nje kwa bomba na feni ya pili inapuliza hewa ya moto sebuleni. Moto umefungiwa ndani ya kioo, hewa ya moshi na hewa ya chumbani hazikutani. Ndio maana kaka mtu alilituma, na wazo lake lilikuwa zuri sana, Italia hayo majiko yamejaa kwenye nyumba za kawaida.

Nikaliwasha. Linajisafisha, linadondosha peleti, dakika kumi, kumi na tano, hakuna mwali, mwisho skrini yake ndogo inaandika NO ACC. Hiyo ACC ni kifupi cha neno la Kiitaliano la kuwasha, yani limejaribu kuwaka limeshindwa. Fundi wa kwanza alivyoona hivyo akahukumu hita ya kuwashia, akabadilisha, likawaka siku mbili likagoma, akabadilisha tena. Simlaumu, maandishi yanakupeleka huko. Mi nilipima ile hita na mita, nzima kabisa, inavuta wati mia tatu kama inavyotakiwa.

Nikafungua mlango nikatoa kile kikombe. Hapo ndio nikaona. Kimejaa jivu lililoshikana, la kijivu na meusi meusi, na ukiangalia kwa karibu unaziona peleti zenyewe bado zina umbo lake, zimeungua lakini hazijabomoka, zimepangana kama kuni ndogo, ukizibonyeza na kidole zinalia krr krr kama mchanga. Matundu ya chini yote yamezibwa. Hita inapuliza moto lakini hewa haipiti, sasa moto utakula nini?

Nikaomba kuona kiroba. Peleti rangi ya kahawia inayoelekea kijivu, nyepesi, zinameremeta kidogo ukizigeuza kwenye mwanga. Nikaweka kiganja kimoja kwenye glasi ya maji. Baada ya dakika chache zikavimba zikamwagika chini, na bibi ndiye aliyetamka kabla yangu, "hizi si pumba za mpunga?" Naam. Pumba za mpunga zimesagwa na kushindiliwa. Muuzaji aliwaambia peleti ni peleti tu.

Na ukweli pumba ni mali ya kwetu, huko chini Mabogini na Chekereni kwenye mpunga wa Lower Moshi zinarundikana kwenye mashine za kukoboa mpaka zinachomwa moto bure, kwa hiyo anayezitengeneza kuwa nishati namsifu, kwenye jiko lililoundwa kwa ajili yake zinafaa. Sio kwenye hili. Nyuma ya jiko kuna kibandiko, peleti za mbao milimita sita, daraja A1. A1 kwa viwango vya Ulaya maana yake jivu lisizidi asilimia 0.7 na unyevu usizidi asilimia 10. Pumba za mpunga jivu lake ni kama asilimia 15 mpaka 20, na karibu lote ni silika, yani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Jivu la mbao ni unga mwepesi, feni inalipeperusha linapita. La pumba linabaki limesimama na umbo lake. Afu ule ugumu wa silika unasaga skrubu taratibu kama msasa.

Babu alitaka kuona kwa macho, na mi napenda mzee anayetaka kuona. Binti wa jirani anaoka keki, tukaazima mizani yake. Tukapima gramu 200 za zile peleti tukazichoma nje kwenye sufuria kuukuu mpaka hakuna chekundu kilichobaki, ilichukua mchana wote, tukapima jivu, gramu 35. Nilikuwa nimebeba mfuko mdogo wa peleti za mbao za msindano kutoka kwa jamaa mmoja mwenye mashine anayechukua unga wa mbao kwenye viwanda vya kupasua mbao. Gramu 200 zile zile. Jivu halikufika gramu 2, mizani inaruka kati ya moja na mbili. Babu akaviweka vile virundo viwili vya jivu kwenye visahani, akavikalisha dirishani, na kila mgeni aliyekuja wiki ile alionyeshwa.

Hesabu yake ukiipeleka kwenye matumizi inatisha. Tuseme unachoma kilo 3 kila jioni, mwezi kilo 90. Za mbao zinakuachia nusu kilo na kidogo ya jivu kwa mwezi mzima. Za pumba zinakuachia kama kilo 16. Hakuna kikombe cha kuhimili hiyo kitu.

Basi nikasafisha kikombe, nikatoboa matundu kwa msumari, nikafagia njia ya moshi ndani mpaka kwenye feni, nikaweka za mbao, likawaka dakika ya saba. Bibi alikuwa hayupo, wako hospitali, nikatamani angekuwepo.

Wengi wangeishia hapo, wakachukua hela wakashuka. Ila nilikuwa bado na wasiwasi na kitu kimoja, nikamuuliza babu umeme ukikatika usiku inakuwaje? Akasema hapo ndio balaa, moshi wote unarudi sebuleni, tunafungua milango usiku wa manane. Nikatoka nje kuangalia bomba. Aliyelifunga alitoboa ukuta nyuma ya jiko akalitoa moja kwa moja, limelala, limeishia hapohapo ukutani, halijapanda hata futi moja. Na ukuta huo unatazama kaskazini, yani unatazama mlima.

Mtu wa Kibosho anajua upepo wa kwao. Mchana unapanda kutoka mjini kwenda msituni, usiku hewa ya baridi inateremka kutoka mlimani kuja chini. Sasa bomba limefungua mdomo kuelekea mlimani, usiku upepo unaingia nalo. Feni ikiwa inazunguka inaushinda. Umeme ukikata tu feni inakufa, lakini kwenye kikombe bado kuna moto, bado kuna moshi na ile gesi niliyoisema, na njia ya kutokea imezibwa na upepo. Kwa hiyo hata hili jiko zuri la kisasa, kwa ufungaji ule, lingeweza kufanya kilekile mkaa ulichokuwa unafanya chumbani.

Tukalibadilisha. Nje tukaweka kiungo cha T chenye kifuniko chini cha kutolea masizi, afu bomba la milimita 80 likapanda wima kama mita tatu na nusu kupita ukingo wa bati, na kofia juu. Bomba likisimama wima moshi wa moto unapanda wenyewe hata bila feni. Tukajaribu, jiko limekolea nikazima swichi ya ukutani, babu amekaa na saa. Ule mwali ulilala ukawa wa njano, moshi kidogo tu ukachungulia kwenye ukingo wa mlango wa jiko, baada ya hapo ukaanza kupanda bombani, sebuleni hamna kitu. Tulirudia mara tatu, ya mwisho usiku makusudi upepo ukiwa umeanza kuteremka.

Juu ya hapo nikafunga inverta, hii ni kazi yangu ya kila siku kwa hiyo sitakaa sana. Jiko likishawaka linakula wati 80 hivi, wakati wa kuwasha tu ndio linaruka mpaka mia tatu na zaidi. Betri moja ya 12V 100Ah, ukitumia nusu yake usije ukaiua, inakupa masaa kama sita. Inverta iwe ile ya mawimbi safi, zile za bei ya chini zinazotoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi feni zinaunguruma na bodi ya jiko inachanganyikiwa. Na nikaweka kengele mbili za kaboni monoksaidi, sebuleni na chumbani kwa bibi. Dada alizinunua huko Dar akazituma kwa basi, na namshukuru hakuuliza mara mbili.

Kingine kidogo, viroba vilikuwa stoo vimekaa juu ya sakafu ya sementi tangu masika, vya chini vimevimba. Weka mbao chini, kiroba kisiguse ukuta, basi.

Sasa nyumba yenyewe, na hapa ndio napenda zaidi. Wiki ya kwanza jiko linawaka vizuri lakini bibi akasema joto lipo usoni, mgongoni hamna, na likizimwa nusu saa tu baridi imerudi. Nikaweka kipimajoto, saa 3 usiku sebuleni digrii 16 na nje ni 12. Jiko zima la kilowati nane linahangaika kwa digrii nne! Nikainua macho. Sebule ya mita nne kwa tano, silingi bodi ilishatolewa zamani baada ya kuvuja, juu ni bati tupu unaona misumari.

Bati halizuii joto hata kidogo, kila mita ya mraba inapoteza kama wati sita kwa kila digrii moja ya tofauti. Mita 20, ukitaka digrii nane za tofauti, ni karibu wati 1,000 zinapaa angani muda wote kupitia bati peke yake, hapo hujagusa luva za madirisha ambazo hazifungi na pengo la chini ya mlango. Babu akanisikiliza akasema jambo ambalo nimekuwa nalitembeza kila ninapokwenda. Akasema nyumba aliyozaliwa ilikuwa msonge, nyasi kutoka juu mpaka chini, moto katikati, ng'ombe na mbuzi wanalala humohumo, na hakumbuki kusikia baridi ndani, anakumbuka macho kuwasha tu. Nyasi nene zimejaa hewa, hewa iliyotulia haipitishi joto, na ng'ombe ni jiko tosha. Tulipohamia kwenye bati tukapata nyumba isiyovuja na isiyo na moshi, ila lile blanketi la juu tukaliacha nyuma.

Kwa hiyo tukalirudisha. Fundi seremala wa palepale akapiga dari ya mbao sebuleni, na juu ya dari tukamwaga nini? Pumba za mpunga. Zile mbichi kutoka mashineni, sio peleti, unene wa sentimita kumi, zimechekechwa zisiwe na punje maana panya wangehamia wote. Zinashika hewa vizuri mno, haziozi haraka, na uzito wake ni kama kilo kumi kwa mita ya mraba, dari ya mbao inabeba, jipsamu ingelegea. Bomba halipiti humo, liko nje, ningekuwa nalipitisha darini nisingekubali pumba ziwe karibu. Ule upotevu wa wati elfu ukashuka chini ya mia. Luva tukaziziba kwa nailoni nzito kwa ndani msimu wa baridi tu, tundu moja la hewa likaachwa wazi makusudi karibu na jiko kwa sababu moto lazima uvute hewa kutoka mahali.

Baada ya hapo jiko tumeliweka namba ya chini kabisa, kilowati mbili na nusu. Kilo moja ya peleti nzuri ina nishati kama kilowati-saa 4.8, jiko linakupa kama 4 za joto ndani, kwa hiyo inakula gramu 600 kwa saa. Linawashwa saa 11 jioni linazimwa saa 4 usiku, kilo 3. Sebule inakaa digrii 20 mpaka 21, na asubuhi saa 12 bado kuna 17. Vyumba vya kulala havina dari hiyo bado, bibi analala na chupa ya maji ya moto kwenye soksi, mlango wa sebule unaachwa wazi mpaka saa ya kulala.

Hospitali waliwaangalia bibi na mtoto wakawaambia wasirudie kulala na mkaa. Kichwa hakijarudi tangu jiko la mkaa litoke chumbani, mtoto hajatapika tena. Presha ya bibi ipo palepale na dawa zake anakunywa.

Juzi Juni nilipanda kusafisha bomba kabla ya msimu kukolea. Babu ameshanunua nusu tani ya peleti za mbao kwa pamoja na majirani wawili, kila kiroba kikija anachukua gramu 200 anachoma na kupima kabla hajalipa. Kimoja alikirudisha. Muuzaji alikasirika sana, babu akamletea visahani.